Koo la Ndege wa Verna

Hapa pwani kwetu, kaskazini ya Townsville, mgeni akiulizia ndege mla asali wa mikoko, dukani walikuwa wakimwelekeza kwa jirani yangu, Verna Tulloch. Tangu mumewe Clive afariki na watoto wahamie Perth, hakuna aliyebisha hodi kwake ila watu wa kutazama ndege. Na watu wa ndege hawana shukrani hata chembe. Wakishamwona huyo ndege tu, wanawasha gari.

Basi Verna akajifunza kusitasita kumtaja ndege.

Msimu wa baridi akaja Leith, mwalimu mstaafu, mgane, na karavani yake. Asubuhi ya kwanza ndege alitua kwenye maua ya mkoko, mbele yao kabisa. Kinyago cheusi machoni, mstari wa njano chini yake, kishungi cheupe shavuni, na koo la njano lenye vistari vya kukingama kama magamba ya samaki. Binamu yake wa kaskazini ana michirizi ya kushuka. Mtoto mdogo angemtambua.

"Mh," Verna akasema. "Koo sikuliona vizuri. Huku kwetu hawa wanachanganya damu. Tumtazame tena kesho. Utakunywa chai?"

Siku zikaenda hivyo hivyo. Nikamwita kwenye uzio.

"Verna, we mwongo!"

"Nyamaza bwana. Anakula keki zangu, halafu anacheka. Unajua mara ya mwisho mtu kucheka mle ndani ilikuwa lini?"

Jumapili akachoma mguu wa kondoo. Alitaka kumwomba Leith akae mpaka joto lirudi. Leith akaja, karavani imeshafungwa nyuma ya gari.

"Verna, yule ndege nilimjua siku ile ile ya kwanza."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Niliona macho yako yamechoka. Sikutaka kukuaibisha. Mwone daktari, tafadhali."

Verna angeweza kusema ukweli pale pale. Akasema, "Asante, Leith. Nitaenda."

Leith, kwa wema wake unaoniudhi mpaka leo, akapitia dukani kuwaambia Verna haoni vizuri, wasimsumbue tena mama wa watu. Siku hizi wageni wanaelekezwa kwenye njia ya mbao kule mikokoni. Wanapita langoni kwake bila kupunguza mwendo.

Nikamwambia Verna naenda dukani kuwaeleza kwamba macho yake ni mazima kuliko yangu. Akanikamata mkono.

"Usithubutu. Ukiwaambia naona, watauliza kwa nini nilidanganya."