Vipande Nyuma ya Karakana

Baba alitengeneza majeneza kando ya barabara ya Khayega, na miaka ile ya tisini watu walikufa kwa ugonjwa ambao hata matangani haukutajwa. Kila jeneza liliacha vipande viwili vya pembetatu, pale kifuniko kinapokatwa kipungue kuelekea miguuni. Fundi wa kwetu hangethubutu kuvipigilia kwenye kiti, na hakuna mama aliyevitia jikoni. Baba alivitupa nyuma ya karakana bila kutazama vilikoanguka. Rundo likakua, likaota uyoga.

Kisha akaja ofisa wa kodi. Hakuwa mkali. Alisema baba hajawahi kupeleka ritani, ile fomu ya kodi. Aeleze mapato ya mwaka uliopita, la sivyo ofisi itakadiria yenyewe, na akishindwa kulipa, mashine ya kuranda itachukuliwa. Mashine hiyo ndiyo iliyotulisha.

Mwaka huo baba hakuwa ameandika jeneza hata moja.

"Wafu hawahesabiwangi," alimwambia mama. "Ukiwahesabu unaita wengine."

"Baba watoto, wengine wanakuja tu, hata ukinyamaza."

"Basi hesabu wewe."

Mama akafunga leso kiunoni, akaliendea rundo. Vipande vya mwaka ule vilikuwa juu, bado havijaoza. Mimi nilitafuta jozi, cha kulia na cha kushoto, nikampa, naye akapanga ukutani: wakubwa huku, watoto kule. Mwanzoni alihesabu kwa sauti. Alipofika upande wa watoto midomo yake ilicheza tu. Ndani, baba alikuwa akisugua kwa msasa ubao uliokwisha lainika.

Jua lilipokuwa utosini, mama alisimama dirishani akamtajia idadi zote mbili. Msasa ukanyamaza.

"Kwa watoto toa mmoja," baba alisema. "Huyo sikuuza."

Nilijua ni nani. Ndugu yangu mdogo alizikwa mwaka huo huo, katika sanduku lililotoka kwenye meza ile ile ya karakana. Mama aliinama mbele ya vile vidogo, akashika hiki, akashika kile. Vilifanana vyote. Mwishowe aliondoa jozi moja, yoyote, akaifunga kwenye leso yake.

Kesho yake tulikwenda mjini watatu. Karani alipitia fomu kwa kalamu, akagonga muhuri, akacheka kwa wema kabisa.

"Mzee, hongera! Mwaka ulikuwa mzuri."

"Asante," baba akasema, kwa sauti ambayo sijaisikia tena kwake wala kwa mtu mwingine.

Kodi ililipwa, mashine ikabaki. Tuliporudi, mwanamume wa Malava alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha karakana, ameshika uzi uliofungwa fundo mwanzo na mwisho. Ulikuwa urefu wa mke wake.

"Pole, ndugu yangu," baba alimwambia.

Mama alitazama chini, kana kwamba ni yeye aliyemwita mtu yule. Baba hakumlaumu. Aliupokea uzi, akaunyoosha juu ya ubao, akawasha mashine.