Neno Nisiloweza Kulitaja Mbele ya Baba Mkwe

Mwaka niliogombea uwakilishi wa wadi, mume wangu alinikalisha mezani akaniandikia vipaumbele tisa vya kuuboresha mji wetu wa Kisii. Yeye ni mwalimu, na mwalimu akipewa karatasi hawezi kuacha nafasi tupu. Nambari moja ilikuwa taa za barabarani. Ikafuata mitaro, halafu vibanda vya bodaboda, halafu jambo refu kuhusu vijana ambalo hata yeye hakuweza kunieleza. Choo cha soko kilikuwa nambari nane, na hakukiita choo. Alikiita miundombinu ya usafi.

Nilichukua kalamu nikavikata vyote, nikabakisha hicho kimoja.

"Watu watakucheka," alisema.

Nilimwambia aliyeshiba hamjui mwenye njaa, na mwenye choo karibu hamjui aliyebanwa. Alirudi kusahihisha vitabu vyake.

Sababu yangu ilikuwa mama mkwe. Aliuza ndizi katika soko letu tangu kabla sijaolewa, na soko lile halikuwa na choo. Wanaume walikuwa na ukuta wa nyuma, Mungu awasamehe. Wanawake walikuwa na dawa moja tu, kutokunywa kitu. Mama mkwe alitoka nyumbani alfajiri bila chai, akakaa juani hadi jioni bila tone la maji. Siku moja nilimpeleka hospitali akiwa amejikunja kwa maumivu. Daktari alimwambia figo zake zinateseka, anywe maji mengi kila siku, la sivyo atarudi pale akiwa amebebwa.

"Sasa hiyo maji nikikunywa nitapeleka wapi?" aliniuliza tulipotoka. "Na usiambie mzee. Hiyo si maneno ya kuambia mzee."

Nilimkumbusha kwamba mficha uchi hazai. Naye akanikumbusha kwamba amezaa saba.

Niliogopa kumpoteza, na mimi nikiogopa huwa nakasirika. Nilikasirika wiki mbili nzima, na hasira ilipotulia nikakuta nimeshachukua fomu ya kugombea.

Kikwazo kilikuwa kimoja. Kwetu Gusii, baba mkwe na mkamwana wana heshima yao tunayoiita ensoni. Hatushikani mikono. Yeye haingii nyumbani mwangu, na hatutumii choo kimoja; chake kiko juu karibu na migomba, chetu kiko chini. Kulitaja neno lenyewe mbele yake ni aibu ya kuhama nayo kijiji. Tena huyu si mtu wa kupuuzwa. Ni mzee wa kanisa, Msabato ambaye akikohoa tu, nusu ya wadi inanyamaza. Kwa hiyo nilipanga mkutano wangu mkubwa pale sokoni uwe Jumapili alasiri, siku ambayo yeye huenda Nyamira kuangalia shamba lake la chai. Nilijiona mwerevu kweli.

Jumapili ilifika na watu wakajaa. Nilihutubu kwa Kiswahili, maana wenye maduka Wahindi walikuwa wametoka vibarazani kunisikiliza, na wao pia ni wapiga kura. Mama mkwe alikuwa mbele, nyuma ya ndizi zake. Nilipandisha sauti. "Ndugu zangu, kitu cha kwanza nitakachojenga katika soko hili ni..."

Hapo nikaiona kofia. Ile ya kijivu, anayoivaa Sabato. Mzee alikuwa ameiacha chai yake akaja kimyakimya kumsikia mkamwana wake. Alisimama pembeni, uso ameugeuzia upande wa kilima cha Nyanchwa kwa adabu, sikio amenipa mimi.

"...ni chumba," nilisema.

Watu walingoja.

"Chumba kidogo. Chenye mlango. Mtu anaingia peke yake, wengine wanapanga foleni nje."

"Hiyo ni mashine ya benki," alisema jamaa mmoja, na makofi yakaanza.

"Hapana. Hapo mtu haendi kuchukua kitu. Anaenda kuacha."

"Basi ni ya kuweka akiba," alisema mwingine, na makofi yakazidi.

Mume wangu alikuwa anatazama viatu vyake. Mama mkwe alikuwa amejifunika uso kwa leso. Niligundua kwamba ningeweza kushinda uchaguzi siku ile ile kwa kuahidi benki, na nakiri kishawishi kilinishika.

Ndipo mzee akakohoa. Soko lilinyamaza. Alivua kofia, akanipa mgongo, akasema na watu.

"Huyu mama ananiheshimu. Amelelewa vizuri, na hiyo heshima imemfunga mdomo. Basi nitasema mimi, kwa sababu hapa hakuna mwingine mwenye mimi ni baba mkwe yake. Hiyo kitu ni choo."

Hakuna aliyecheka.

"Bibi yangu ameuza ndizi hapa miaka mingi. Kila jioni akifika nyumbani hanisalimii. Ananipita mbio, anaenda nyuma ya nyumba. Mimi nikafikiri ni madharau. Miaka yote hiyo nimemnunia, nikakula chakula yake nikiwa nimekunja uso. Leo nimesikia huyu mama akitafuta maneno, nikajua bibi yangu alikuwa anakimbilia nini."

Alivaa kofia akaondoka bila kunitazama. Sijawahi kutetewa namna ile, na nililia mbele ya wapiga kura, jambo ambalo mume wangu hakuwa ameliandika kwenye karatasi.

Uchaguzi nilishindwa, na vizuri tu. Aliyenishinda alikuwa ameahidi lami hadi mlangoni kwa kila mtu. Lakini baada ya Jumapili ile hakuna mkutano alioumaliza bila wanawake kumuuliza choo kitajengwa lini, na hata baada ya kuapishwa hawakumpa nafasi ya kupumua. Akakijenga. Jina lake ameliandika kwa herufi kubwa juu ya milango yote miwili, na sisi tunapita chini yake kila siku bila kinyongo.

Mzee hajawahi kukitumia. Anajua mimi hukitumia, kwa hiyo siku za soko akibanwa hupanda bodaboda mpaka nyumbani.

Mama mkwe siku hizi anakunywa uji saa nne, kikombe kikubwa, mbele ya kila mtu. Juzi jioni nilikuwa naanua nguo nikamwona anarudi, kapu tupu kichwani, anatembea polepole. Mzee alikuwa ameketi kwenye benchi lake la nje. Mama mkwe alifika, akasimama, akatua kapu, akamsalimia. Mzee aliitikia, akasogea ili naye apate pa kukaa.