Kitufe Kilichoitwa Siku za Madaktari

Habari za kifo chake zilinikuta Makambako, nimesimama dukani nanunua betri za tochi, safarini kutoka Njombe kwenda nisikokujua vizuri. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnanifahamu: sikai mahali. Aliyepiga simu ni shemeji, mkewe. Hakulia. Alisema tu, "Rafiki yako ametuacha leo alfajiri. Tunamrudisha Usangu." Nililipa, nikaondoka, na mwenye duka akanikimbilia hadi barabarani na betri nilizoziacha kaunta.

Alikuwa mtengenezaji wa tovuti, mwenye chumba cha kazi juu ya duka la mbolea, Mwanjelwa, jijini Mbeya. Rangi na picha aliwaachia wengine. Alichokipenda ni kile ambacho wengi wetu hatujui kuwa ni kazi: kuamua kila kitufe cha tovuti kiitwe nini, na kuhakikisha jina hilo halibadiliki popote mtu atakapokutana nalo. Mimi wa kidato cha nne, ninayeishi kwa kuandika, aliniita nimsaidie maneno, nikadhani nakwenda kupumzika. Tulibishana juu ya neno moja mpaka chai ikapoa. Baba yake alihamia bonde la Usangu na ng'ombe kutoka kaskazini, na kwao kila ng'ombe alikuwa na jina moja, la rangi yake au la pembe zake. Mtoto aliyebuni jina la pili aligombezwa kama aliyemwaga maziwa. "Ng'ombe ukimpa majina mawili," aliniambia, "jioni utamtafuta aliye zizini, na aliyepotea hutamkumbuka." Hakuwa na shule nyingine ya kazi yake, au kama alikuwa nayo hakuwahi kuitaja.

Nakumbuka alivyotengeneza tovuti ya hospitali moja ya mkoani Iringa. Hospitali hiyo hutembelewa mara kwa mara na madaktari bingwa kutoka mbali, wa macho, wa figo, wa watoto, wakakaa siku chache na kuondoka. Hilo ndilo watu waliloulizia kuliko yote. Lakini kwenye menyu ya tovuti ya zamani liliitwa Huduma Mkoba, ndani ya ukurasa likaitwa Kliniki Tembezi, na kwenye ujumbe wa simu likawa Kambi ya Mabingwa. Mtu angeweza kudhani ni mambo matatu. Rafiki yangu alikata maboksi ya sabuni, akaandika kila jina kwenye kipande chake, akavipanga juu ya meza ya mgahawa nyuma ya soko. Kila aliyekuja kunywa chai aliulizwa: ukitaka kujua daktari wa macho anakuja lini, utagusa wapi? Wengi walisema wangepiga simu tu. Mmoja alichagua Kliniki Tembezi, mwenzake akamcheka, kisha naye akachagua Kambi ya Mabingwa; kwenye menyu hayakuwemo yote mawili. Mama mmoja muuza viazi alivisogeza vyote pembeni apate pa kuweka kikombe.

"Mimi nataka siku, mwanangu. Siku ya daktari. Kuna hiyo?"

"Hamna, mama."

"Sasa hivi vyote vya nini? Unacheza karata na wagonjwa?"

Mgahawa mzima ulicheka, na rafiki yangu akacheka kuliko wote. Kesho yake alirudi na kipande kipya, Siku za Madaktari, akaanza kuuliza upya. Hapo watu walikuwa wanakigusa kabla hajamaliza swali.

Wakubwa wa hospitali kule Iringa hawakulipenda jina hilo. Mkubwa mmoja alisema ni jina la kitoto, halina uzito wa taasisi. Rafiki yangu, mtu mpole, aliwapa kila walichotaka: picha ya jengo jipya, salamu za mkurugenzi, rangi ya nembo yao. Aliomba jina hilo moja tu, na liwe lilelile kwenye kitufe, juu ya ukurasa, kwenye ujumbe wa simu na kwenye ubao wa getini. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, aliwaambia, lakini aliye peke yake na simu yake kule Kilolo atamuuliza nani? Wakakubali. Kwa miaka kadhaa wakulima na wafugaji walifika siku inayotakiwa, na hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Kisha wakubwa wakabadilika, na wapya wakataka tovuti mpya. Mimi ninayezunguka nyanda hizi nayaona haya kila mahali. Narudi Iringa baada ya muda, stendi ina jina jingine, duka la dawa lina jina jingine, ofisi niliyoizoea imehamishiwa chini ya kitengo ambacho mlinzi mwenyewe hawezi kukitamka. Tunaita hayo maendeleo. Anayekuja na jina la zamani mdomoni tunamwona mshamba. Tunasahau kwamba jina lile tulimfundisha sisi wenyewe.

Msibani, chini ya turubai, shemeji alinisimulia. Figo za mumewe zilikuwa zimechoka, na daktari wa Mbeya alimwelekeza kwa bingwa anayetembelea hospitali ileile ya Iringa. Mgonjwa hakuwa na nguvu ya kushika simu, kwa hiyo aliyetafuta ni mkewe. Alitafuta Siku za Madaktari, jina alilolisikia nyumbani kama jina la mtoto wao. Halikuwepo. Palikuwa na Mabingwa Wetu, na ndani yake picha za madaktari wakitabasamu, bila siku. Palikuwa na Huduma za Ufikiaji, ambayo hakuifungua kwa sababu hakujua ni kitu gani, na kumbe tarehe zilikuwa humo. Palikuwa na Matukio, na ndani yake tarehe iliyotaja mabingwa. Akaishika hiyo. Walipofika wakakuta viti vimevikwa vitambaa vyeupe na kipaza sauti kinajaribiwa. Ilikuwa hafla ya kuwaaga mabingwa, na wa figo alikwisha kuondoka asubuhi.

Alimkalisha mumewe kwenye benchi akaanza kujilaumu. Mumewe akaomba simu. Aliitazama muda mrefu, akifungua na kufunga kurasa kwa kidole kilichovimba. Kisha akamwambia, "Hukukosea, mke wangu. Umegusa palepale ambapo na mimi ningegusa."

Wakarudi Mbeya. Bingwa aliporudi Iringa, sisi tulikuwa tumeshamzika.

Shemeji aliniuliza kama wangemkuta yule daktari angepona. Sijui, na madaktari wenyewe hawakumwambia. Jioni hiyo ng'ombe walirudi, mdogo wa marehemu akasimama mlangoni mwa zizi akiwaita mmoja mmoja, kila mmoja kwa jina lake, mpaka wote wakaingia na mti wa kufungia mlango ukawekwa. Nilikaa pale mpaka vumbi likatulia. Wewe uliyekabidhiwa tovuti, ofisi, au hata ubao wa getini: waulize watu kile wanachokitafuta wanakiitaje, ukiite hivyo, kisha ukiache. Yupo mtu njiani anakuja na jina hilo, na amebeba mgonjwa.