Mpungate Wenye Mvi

Juzi, kwenye kitalu cha miche Mombasa, niliona mpungate mrefu wa miiba, wenye nywele nyeupe, nikashindwa kutulia mahali pamoja.

Wa kwetu Lamu aliuleta baba, baharia wa meli. Aliuweka uani akamwambia mama, "Huu ni wa milimani, Bi. Usiupe maji mangi, hutaka nti kavu." Kisha akasafiri tena. Mimi nilipoziona zile nywele niliamini ni mzee mwenye kiu, na kwamba akifa, baba hatarudi. Kila alasiri nilimtilia kata ya maji kwa siri.

Siku moja nilisikia harufu ya uozo. Niligusa shina, kidole kikazama. Nilipanda ngazi, nikashuka, nikapanda tena, na kila mlio wa kwato za punda kule kichochoroni ulinishtua. Mwishowe nilimkimbilia mama. Alikuwa ameketi na barua mapajani, analia.

"Mama, ni mimi niliyemuua! Nilimpa maji!"

Alifuta macho, akachukua kisu. Alikata kichwa cha mpungate juu ya pale palipooza, akakilaza kivulini.

"Jeraha likikauka tutakipanda mchangani. Hajafa, mwanangu."

Kichwa kile kilitoa mizizi. Baba hakurudi, na kwa miaka mingi niliamini ni kwa sababu ya maji yangu. Nilikuwa nimeshaolewa nilipoambiwa kwamba barua ile ilikuwa ya talaka. Mama aliisoma, akaikunja, akainuka kuniokolea mti.