Zamu ya Kushuka Shimoni

Niliishia darasa la pili, na haya nayaandika kwa mkono wangu mwenyewe. Ukipita Kalangalala ukaona nyumba ya bati yenye milango mizito ya mninga, hiyo ni yangu. Hakuna aliyenipa hata kabari. Nilitoka Shinyanga kwa miguu na shoka begani, na sikuwa nimezeeka pale mgodi wa Geita ulipoanza kusubiri mbao zangu.

Kupasua mbao ilikuwa kazi ya watu wawili. Tulichimba shimo la kumzidi mtu kimo, tukalaza gogo juu yake, tukalipiga mstari kwa uzi wenye masizi. Mmoja alisimama juu ya gogo, mwingine ndani ya shimo, na kati yao msumeno mrefu wenye mshikio kila upande. Wa juu anauinua na kuulinda mstari. Wa chini anavuta, na meno hukata wakati wa kuvuta. Mimi ndiye niliyekuwa wa juu, na jicho langu lilisifiwa mpaka Nyahanga. Wa chini alikuwa shemeji yangu, Msumbwa wa Ushetu, mume wa dada yangu.

Ilikuwa ile miaka ya hamsini mwishoni, karibu na kura ya kwanza ya nchi. Shemeji alikuwa mtu wa chama cha uhuru. Kadi yake aliichukua wakati chama chenyewe kimekatazwa huku kwetu, akaificha kwenye mtungi wa mbegu. Mimi nilikuwa upande wa kile chama cha mataifa yote, Wazungu, Wahindi na sisi Waafrika, ambacho wenzetu walikiita cha serikali. Sioni haya kusema. Mzungu wa mgodi ndiye aliyechukua mbao zangu, na nilijiuliza akiondoka atazichukua nani. Tena kura haikuwa ya kila mtu wakati ule; mimi kwa kipato changu nilikuwa nimeandikishwa. Shemeji hakuandikishwa.

Basi kila siku, nikiwa juu ya gogo, nilimfundisha siasa. Asubuhi mpaka jua la utosi, nikiinua msumeno na kutoa hoja, nikiinua na kutoa hoja. Shemeji kimya. Jioni niliwaambia watu kwamba nimemshinda tena, na sikuwa nasema uongo kwa nilivyoona mimi.

Msimu ule tulikuwa na mbao za paa la shule ya misheni. Fundi aliyekuwa akiijenga alinieleza wazi: zisipokamilika kabla ya mvua, ataagiza Mwanza kwenye kiwanda cha msumeno wa injini, na kazi zake zote zitahamia huko. Lilibaki gogo moja, kubwa kuliko yote, na mawingu yalikwisha kuanza kujikusanya upande wa ziwa.

Tukiwa katikati ya lile gogo, msumeno ukawa mzito ghafla. Shemeji alikuwa ameuachia. Akapanda kutoka shimoni, nyusi na ndevu zimejaa unga mwekundu wa mninga, akatema mate mara mbili.

"Shemeji, msimu mzima sijakujibu hata neno moja. Unajua kwa nini?"

Nikamwambia ni kwa sababu hana la kujibu.

"Kwa sababu nikifungua mdomo nakula mninga," akasema. Akachukua shati lake akaenda zake.

Sikumfuata. Nilimtafuta mtu mwingine, mwenye mikono kama mihimili, na kabla ya mchana tulikuwa tumeutoka mstari na kuharibu ubao mzima. Kesho yake tukaharibu wa pili. Siku ya tatu nilikwenda kwa dada yangu.

Shemeji alikuwa uani akichonga mpini wa jembe. Tukasalimiana kwa adabu iliyopita kiasi, kama watu wa msibani. Nikasema nitakula peke yangu, nisiwasumbue. Dada akaweka ugali katikati yetu.

"Kaka, nina chungu kimoja. Sitapikia kila chama chungu chake."

Tukanawa, tukala. Nikamwomba arudi, nikamwahidi kwamba siasa nitaiacha nyumbani kwangu.

"Usiiache," akasema. "Wala chama chako sitaki ukiache. Nataka ushuke shimoni."

Nikacheka. Nikamwuliza mstari atauona nani. Yeye hakucheka.

Kesho yake nilishuka. Mvuto wa kwanza unga uliniingia machoni, wa pili puani. Na juu yangu shemeji akaanza, taratibu, bila tusi. Alisema mzungu hachukui mbao kwa kunipenda. Ni mgodi unaotaka mbao, na yeyote atakayeushika atazitaka. Nikatafuta jibu, nikafunga mdomo. Akavuta pumzi, akauinua msumeno.

"Wewe una kura, mimi ninayevuta sina. Huu mti kaupasua nani?"

Hapo nilikuwa na jibu zuri sana. Nikafungua mdomo, nikakohoa mpaka tukasimama. Akaninyooshea kibuyu cha maji, akangoja ninywe, akangoja niseme. Nikasema la mgodi amenishinda. La kura nikamwambia nchi haijengwi kwa haraka, naye akanisikiliza mpaka mwisho kabla hajakataa.

Tangu hapo tulibadilishana kila ubao, na wa juu alipomaliza hoja tulisimamisha msumeno ili wa chini ajibu. Kazi ilichelewa kidogo, basi tukawa tunaanza alfajiri. Jambo lililoniuma sikumwambia mtu: mstari wake ulikuwa umenyooka kama wangu. Ubao wa mwisho tuliufikisha shuleni matone ya kwanza yakianguka, na fundi hakuagiza Mwanza.

Kura ilipokaribia nilimwambia shemeji kabla sijamwambia mtu mwingine yeyote kwamba naipeleka kule kule kwa chama changu, ila safari hii najua yeye anakikatalia nini. Alikuwa akinoa meno ya msumeno. Akapitisha tupa jino moja, akalipuliza.

"Sawa, shemeji. Ukitoka kupiga kura uje moja kwa moja. Zamu ya chini ni yako."