Kitanzi Kilichowekwa Bibi Akizika Kondo

Saa mbili asubuhi, Raheli Mligo anafungua chumba cha kujifungulia cha zahanati moja nje ya Nanyamba. Bi Mwanakombo, mkulima wa korosho, ameshafika. Kamshika mkwewe Sabra mkono, kichanga kiko mgongoni mwa mama yake.

"Nesi, nimekuja ukitoe kile ulichomwekea mwanangu," anasema. Hata salamu hatoi.

Raheli, mzaliwa wa Njombe, ni mkunga kwa miaka kumi na tisa. Mwaka huu wa 2008 amewawekea wazazi kumi na mmoja kitanzi cha kupanga uzazi, mara tu baada ya kujifungua. Wanne wamesharudi kukitoa. Wameambiwa kinapanda mpaka moyoni, kinamchoma mume, kimeletwa kuwamaliza watu wa Kusini.

La Bi Mwanakombo ni jingine. Siku Sabra alipojifungua, yeye alikabidhiwa kondo la nyuma akalizike, kama ilivyo desturi. Alipokuwa akilifukia chini ya mkorosho nyuma ya zahanati, huku ndani kitanzi kikawekwa. Na kwa imani ya huku, anayetaka kumfunga mtu uzazi huanzia kwenye kondo.

"Kwa nini ungoje nitoke? Jambo la heri haliviziwi."

Mwandishi wa habari hii, aliyekuwepo, kusema kweli naye aliingiwa na shaka. Akamuuliza nesi.

"Hakikungoja yeye atoke. Kinawekwa ndani ya dakika kumi, kondo likishatoka," anajibu Raheli. "Sabra alikubali tangu kliniki, nikaona yamekwisha. Nilikosea. Huku uzazi una wenyewe wengi."

Sabra ana watoto wanne ndani ya miaka sita. Anainua uso kwa mara ya kwanza.

"Mama, kwa yule wa tatu nilivuja damu mpaka mkanisomea Yasini. Hiki nilikiomba mwenyewe. Sikukwambia kwa kuwa ungekataa."

"Ningekataa," anasema Bi Mwanakombo. Anauachia mkono wa mkwewe. "Basi kikae. Ila nesi, macho yangu yako kwako."

Raheli ana mpango: kuanzia sasa kondo litangoja kwenye beseni, na bibi atasimama ndani aone kila kitu ndipo apewe. "Wakiona, huenda wataniamini," anasema.

Dirishani, Bi Mwanakombo anaonekana ameinama chini ya mkorosho. Anaupapasa udongo, ahakikishe hakuna aliyefukua.