Visu vya Specioza wa Kasoli

Wapwa zangu, mtu akikuuzia kitu kizuri kwa bei ya chini, shika mfuko wako kwanza. Hilo sikufundishwa shule. Shule niliishia darasa la tano, wala si kwa ujinga. Walimu waliona maswali yangu yatawamaliza.

Basi pale mnadani Kasoli yupo mjane mmoja, Specioza, anauza visu vya kukunja. Mpini ni pembe ya ng'ombe, bapa ni msumeno wa chuma uliochakaa, na msumari umegongwa pande zote mbili kuvishikanisha. Ukikikunja kinajaa kiganjani, ukikifungua kinanyoa. Na bei? Hela ya soda mbili tu. Kile cha dukani Bariadi mjini, chenye mpini mwekundu unaong'aa, ni ghali mno, na kikikutana na mfupa wa mbuzi kinapinda kama ulimi wa mlevi.

Cha Specioza nilikinunua ili nimuumbue. Nikakatia kamba za magunia ya pamba, nikatilia ndama alama za masikio, mke wangu akakatia viazi vya kuanika michembe msimu mzima. Makali yapo palepale. Ndipo nikazidi kushuku.

"Mayu," nikamuuliza kwa heshima, kama mtu anavyomwita mama, "hivi visu anatengeneza nani?"

"Shemeji yangu, Kasmiri. Amerithi kazi ya marehemu mume wangu."

Jibu zuri, ila Kasmiri namfahamu. Siku hiyohiyo nilimpa mkono, nikaushikilia kama mganga. Mhunzi ana makovu ya cheche. Mkono wa Kasmiri ulikuwa laini kama andazi, na kidole cha mwisho kina ukucha mrefu wa kuchokonolea sikio.

"Mbona unanipapasa, Joakim?"

"Nakusalimia tu, bwana."

Kwetu, wapwa, mwanamke hasogelei moto wa mhunzi. Wazee walisema chuma alichokigonga mwanamke hakishiki makali, na nyama iliyokatwa nacho inaoza kabla jua halijazama. Sasa kama si Kasmiri, ni nani? Visu vya wizi? Dawa? Nilikosa usingizi, na mimi usingizi wangu hausumbuliwi hata na deni.

Asubuhi moja nikaenda nyumbani kwa Specioza, nikajifanya napeleka kisu kunolewa. Sikupiga hodi mbele. Nilizunguka nyuma ya zizi, nyundo inalia, nikachungulia kwenye ua wa minyaa. Kasmiri amekaa kwenye kigoda, anazungusha gurudumu la baiskeli linalopuliza moto, anaimba. Aliyeshika nyundo ni Specioza, kanga kaifunga kibwebwe.

"Mwangaluka!" nikapaza salamu ya asubuhi.

Kasmiri akakaribia kuanguka. Specioza hakugeuka mpaka bapa lilipopoa kwenye mafuta.

"Umeona," akasema.

"Nimeona."

"Mume wangu Sylvester, macho yake yalikufa miaka mingi kabla yake. Vile visu mlivyokuwa mnamsifia, unadhani alivigonga nani? Sasa kaka, wakijua hawatanunua tena, na mimi shamba sina. Nyamaza."

Nikamwambia nitafikiria. Lakini jambo kubwa namna ile, lililogunduliwa na mtu mwenye jicho kama langu, halikai tumboni. Nilimnong'oneza Ndalahwa, mchoma nyama, peke yake. Mnada uliofuata hata mbuzi walikuwa wanajua.

Ndalahwa akamjia Specioza na kundi zima la wanaume.

"Mayu, umetulisha mkosi!"

"Nyama uliyokata na kisu changu iliwahi kuoza?"

"Siyo hoja!"

"Iliwahi kuoza, Ndalahwa?"

"Haikuoza kwa sababu wateja wangu wanakula haraka!"

Watu wakacheka. Specioza hakucheka. Akatandika kitenge kitupu mbele yake. "Haya. Asiyetaka kisu changu akiweke hapa, nimrudishie hela yake sasa hivi."

Nikaona mikono ya wanaume inaingia mifukoni. Nikasema moyoni, mjane kaisha. Mikono ikaingia, ikabaki hukohuko. Mzee mmoja akajifanya anatafuta ugoro. Mwingine akauliza bei ya kuku wakati kuku hawapo. Ndalahwa peke yake ndiye aliyetupa cha kwake, akapewa hela, akaondoka akitazama nyuma kama aliyeibiwa.

Nikawahi kabla ya wengine. "Mayu, hicho cha Ndalahwa nauziwa?"

"Wewe nakuuzia kwa bei ya mbea," akasema. Nikalipa, na nilikikagua pande zote kabla ya kukipokea.

Siku hizi Specioza anakuja mnadani na moto wake na nyundo yake, anagonga mchana kweupe. Wanaume wanasimama mbali kidogo, wanamwangalia kwa jicho la pembeni. Wakishachagua, hakuna anayepokea kisu mkononi mwake. Wanamtuma Kasmiri awachukulie.